Mlango wa kikao cha mtandaoni anaufunga mteja

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu ya barua tuseme jambo moja kuhusu ushauri nasaha wa mtandaoni. Matangazo ya huduma hii yamezagaa, na mengi yanaishia kwenye ahadi ileile: unachohitaji ni simu na intaneti, basi. Hiyo "basi" ndiyo inayowaponza watu. Anayekwenda kumwona mshauri ofisini hukuta kila kitu kimeshaandaliwa: mlango unafungika, viti vimepangwa, saa ipo ukutani, tishu zipo mezani, na nje kuna mtu wa kuwazuia wengine wasiingie. Kwenye kikao cha mtandaoni mshauri huandaa nusu tu ya chumba hicho. Nusu ya pili ni pale alipokaa mteja, na mara nyingi hakuna aliyemwambia kwamba kuiandaa ni kazi yake.

Ndiyo maana kikao cha kwanza, ambacho kwa kawaida ni cha dakika 45 hadi 60, huliwa na "unanisikia?", "mbona sikuoni?" na "ngoja nihamie chumba kingine". Robo saa ikipotea hivyo, mteja anaondoka akiamini ushauri haumfai, kumbe kilichomwangusha ni maiki.

Tuanze na siri, maana bando likiisha utaongeza jingine, lakini aliyekusikia ameshakusikia. Kufunga mlango peke yake hakutoshi. Jipime siku moja kabla: iache simu icheze rekodi ya mtu anayezungumza, kwa sauti inayolingana na yako ya kawaida, kisha toka, funga mlango, usikilize ukiwa nje. Ukiyapata maneno, na mwingine atayapata. Mara nyingi sauti haipenyi ukutani. Hupita kwenye uwazi wa chini ya mlango na dirishani. Taulo lililokunjwa na kuwekwa chini ya mlango hupunguza sana. Feni inayovuma nje, karibu na mlango, hupunguza zaidi. Tunasema nje kwa sababu ikiwa ndani itaingia kwenye maiki, na programu ikijaribu kuichuja itameza na mwisho wa maneno yako. Muziki haufuniki vizuri kama feni. Una vituo, na kwenye vituo ndipo sauti ya mtu husikika.

Vaa hedifoni hata kama uko peke yako. Zinaondoa mwangwi, na anayepita nje anasikia nusu ya mazungumzo badala ya mazungumzo yote. Tunapendelea za waya. Zisizo na waya huisha chaji katikati ya kikao, na zina mtego mmoja ambao wengi hawaujui: simu hukumbuka kila spika iliyowahi kuunganishwa nayo kwa Bluetooth. Ukiwa chumbani na mtu akawasha spika ya sebuleni, simu inaweza kuikimbilia yenyewe, na sauti ya mshauri ikatokea mbele ya watu wanaotazama televisheni. Gari nalo hufanya hivyohivyo likiwashwa. Ukitumia waya, zima Bluetooth kabisa. Ukitumia zisizo na waya, ifanye simu isahau spika nyingine zote kabla ya siku ya kikao.

Gari lililoegeshwa mahali pa faragha ni chumba kizuri kuliko watu wanavyodhani, mradi limezimwa na huliendeshi. Mshauri makini akigundua unaendesha ataahirisha, na usimlaumu. Bafuni ni mahali pa mwisho kabisa, kwa kuwa vigae hurudisha mwangwi. Kitandani hatupashauri. Mtu mwenye shida ya usingizi anahitaji kitanda kibaki mahali pa kulala, si mahali pa kukumbukia yaliyomliza mchana. Kiti chenye mgongo, miguu sakafuni, maji ya kunywa, tishu, kalamu na karatasi: vinatosha.

Kuhusu nani awepo chumbani, jibu ni wewe peke yako. Mtoto aliyeanza kuongea anaelewa zaidi ya anavyoweza kusema, na kesho atayarudia maneno yako kwa mtu usiyemtarajia. Mwenzi "anayejua kila kitu changu" naye asubiri nje, si kwa sababu ni adui, bali kwa sababu mbele yake utazichuja sentensi zako bila kujua. Mshauri akikuuliza mwanzoni kama kuna mtu karibu, au akakuomba uzungushe kamera, asikuudhi. Anafanya kile ambacho ofisini angekifanya kwa kutupa jicho mara moja.

Kwa anayeishi na mtu anayemdhuru, maandalizi ni mengine kabisa. Kiungo cha kuingilia kwenye kikao kisitumwe kwenye barua pepe inayosomwa na wawili, wala miadi isiandikwe kwenye kalenda ambayo ukumbusho wake hutokea juu ya kioo cha simu bila kufunguliwa. Pangeni neno la kawaida, lisilomshtua yeyote, ambalo ukilitamka mshauri atajua kuna mtu ameingia na atageuza mazungumzo palepale kuwa ya kazi au ya masomo. Kufuta ujumbe na rekodi za simu si kinga ya hakika; kwa mtu anayekagua, simu iliyofutwa yote ni ushahidi pia. Suala hilo lizungumzwe na mshauri kabla ya kikao chenyewe, kwa simu fupi ya mahali salama. Pengine uamuzi utakuwa kwamba vikao visifanyike nyumbani hata kidogo.

Kompyuta ya mwajiri iache kazini, na akaunti ya kazini vilevile. Mwajiri anaweza kuwa na uwezo wa kuona kinachofanyika humo, na siku hizi baadhi ya akaunti za ofisi zimewekewa programu ya akili unde inayojiunga yenyewe kwenye kila mkutano, inarekodi na kuandika muhtasari. Ukiona mshiriki wa tatu kwenye kikao cha watu wawili, usianze kuongea. Kurekodi kwa siri hakufai kwa upande wowote. Ukitaka kubaki na kumbukumbu, andika mambo mawili matatu kwa mkono baada ya kikao.

Sasa mtambo. Simu janja inatosha, ila isishikwe mkononi. Mkono huchoka baada ya dakika kumi, picha ikaanza kuyumba, na mshauri akabaki anatazama kidevu na dari. Iegemeze kwenye vitabu hadi kamera ilingane na macho yako, kwa umbali wa mkono mmoja, ili uonekane kuanzia kichwani hadi kifuani na mikono ionekane ikitulia au ikihangaika. Hilo si suala la urembo. Mabega yaliyopanda, pumzi fupi na vidole vinavyosuguana humwambia mshauri mambo ambayo mdomo haujayafikia. Mwanga utoke mbele yako. Ukikaa umelipa dirisha mgongo utaonekana kivuli kitupu. Mkishaonana vizuri, ficha picha yako mwenyewe kwenye kioo. Programu nyingi zina kitufe hicho, na kujitazama ukilia kwa dakika 50 ni mzigo ambao ofisini hakuna anayebebeshwa.

Simu inayopigwa katikati ya kikao inaweza kuinyang'anya programu maiki, na wakati mwingine hairudi hadi uondoke na kuingia upya. Wenye Wi-Fi waweke simu kwenye hali ya ndege kisha wawashe Wi-Fi peke yake. Wenye bando watumie hali ya usisumbue. Lakini zote mbili zina kasoro ileile: kikao kikikatika, mshauri atakayejaribu kukupigia hatakupata. Basi ukitumia usisumbue, weka namba yake kati ya zinazoruhusiwa. Ukitumia hali ya ndege, jambo la kwanza baada ya kukatika ni kuitoa.

Kikao cha video cha watu wawili hula kati ya MB 500 na zaidi ya GB 1 kwa saa, kutegemea ubora wa picha. Ukiwa na GB 1.5 umejipa nafasi ya kupumua. Sauti peke yake kwa kawaida haifiki MB 100. Zima masasisho na upakiaji wa picha unaojiendesha kimyakimya, maana huo ndio unaomaliza bando la mtu huku akilaumu kikao. Kasi ya Mbps 1 hadi 2 inatosha, ila iwe kwa pande zote, kushusha na kupandisha. Wengi hupima ya kushusha tu. Ya kupandisha ikiwa ndogo, wewe utamwona mshauri vizuri kabisa, yeye atakuona umeganda mdomo wazi, na mtabishana nani mwenye tatizo. Pima ukiwa umekaa palepale utakapokaa, na kwa saa ileile ya kikao. Mtandao wa asubuhi si ushahidi wa mtandao wa jioni, wakati kila mtu amerudi nyumbani. Hali ikiwa mbaya, okoa sauti kwanza. Zima kamera yako, na ikibidi mwombe naye azime yake. Kikao cha sauti safi bila picha kinafanyika vizuri. Cha picha nzuri na sauti inayokatakata hakifanyiki.

Kiungo kifungue siku moja kabla, si dakika moja kabla. Hapo ndipo programu itakapodai kusasishwa, itakapoomba ruhusa ya kamera na maiki, na itakapokuuliza jina. Ukikifungua ndani ya programu ya ujumbe, mara nyingi kamera hukataa. Kinakili ukifungue kwenye kivinjari kamili. Kamera ikigoma ilhali ruhusa ipo, tafuta programu nyingine iliyoishikilia na uifunge. Jina nalo liangalie. Mshauri akiona kwenye chumba cha kusubiria "Simu ya Baba" wakati anamtarajia binti, hatafungua haraka, kwa sababu hajui ni nani anayebisha hodi. Jina mlilokubaliana linatosha, hata likiwa moja tu.

Halafu kuna saa. Ujumbe wa miadi huandikwa na programu, na programu haihesabu kwa Kiswahili. 08:00 ni saa 2 asubuhi, 14:00 ni saa 8 mchana, 20:00 ni saa 2 usiku. Anayesoma 08:00 akaelewa saa 8 mchana atachelewa kwa muda wa saa 6 tangu mshauri aanze kumsubiri, na huenda akatozwa kama aliyekosa kikao, kwa kuwa washauri wengi hutaka kuarifiwa saa 24 kabla. Mkiwa nchi tofauti, mwombe mshauri akuandikie saa ya kwako. Kuna nchi zinazosogeza saa mara mbili kwa mwaka, na miadi iliyokuwa sawa wiki jana inaweza kuwa imeteleza kwa saa nzima.

Fomu watu huzijaza mwisho, wengine dakika tano kabla ya kikao, ilhali ndizo zinazohitaji utulivu. Ya ridhaa isome hasa pale panapoeleza mipaka ya siri. Siri ya mshauri ni nzito lakini ina mipaka inayofanana sehemu nyingi: hatari ya karibu kwa maisha yako au ya mwingine, mtoto anayedhulumiwa, na amri ya mahakama. Usipoelewa, uliza kabla hujaanza kueleza yako. Utaulizwa pia mahali ulipo, si mji tu bali anwani kamili, na jina la mtu wa kupigiwa dharura ikitokea. Wengi huona huo ni udadisi. Sababu yake ni kwamba mshauri aliye mbali hawezi kumwelekeza mtu wa kukusaidia bila kujua yuko wapi, na pia leseni yake katika maeneo mengi huhesabiwa kwa mahali mteja alipokaa, si alipokaa yeye. Ukibadilisha mahali, sema mwanzoni mwa kikao. Nawe una haki ya kuomba namba yake ya usajili na kuihakiki kwa chombo kilichomsajili. Asiyetaka kuitoa, achana naye.

Madodoso mawili hutumika sana: PHQ-9, yenye maswali 9 ya kupima sonona na alama 0 hadi 27, na GAD-7, yenye maswali 7 ya kupima wasiwasi na alama 0 hadi 21. Yote huuliza kuhusu wiki 2 zilizopita. Kosa la kila siku ni kujaza kwa hali ya leo: aliyeamka vizuri anajiandikia sifuri tupu, aliyegombana asubuhi anajiandikia tatu, alama ya juu kabisa ya swali, kila mahali. Alama 10 na kuendelea kwa kawaida ni ishara kwamba tathmini ya kina inahitajika. Si hukumu, na dodoso peke yake halitoi jina la ugonjwa. Swali la 9 la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au ya kujidhuru. Wapo wanaolidanganya, kwa hofu kwamba jibu la kweli litaita polisi mlangoni. Kinachofuata kwa kawaida ni maswali: mawazo hayo huja lini, kuna mpango, njia ya kuutekeleza ipo karibu, nini kinakuzuia. Kutoka hapo mnapanga pamoja namna ya kujilinda. Lakini ambaye tayari yuko kwenye hatari saa hii asingoje miadi ya Alhamisi. Huyo ni wa hospitali au huduma ya dharura sasa hivi, akiwa na mtu pembeni yake.

Dawa zako zilete na boksi zake. "Kidonge cheupe cha usingizi" hakimsaidii mtu. Jina, miligramu, mara ngapi kwa siku na tangu lini ndivyo vinavyotakiwa, pamoja na mitishamba na pombe. Na kwa habari ya pombe, glasi moja ya kujipa ujasiri kabla ya kuingia humharibia mshauri picha nzima, maana atampima mtu ambaye si wewe.

Andika mistari mitatu kwenye karatasi: kilichokufanya utafute msaada sasa na si mwaka jana, kilianza lini, na ungependa nini kibadilike. Isizidi hapo. Anayeandika kurasa nne huishia kuzisoma kwa sauti kama taarifa ya habari, macho chini. Na huna deni la kueleza jeraha lako kubwa kuliko yote siku ya kwanza. Kikao cha kwanza kwa sehemu kubwa ni cha tathmini. Mshauri anauliza mengi, anarukaruka kutoka usingizi hadi familia hadi kazi, na unaweza kusema "hilo tuliache kwanza" bila kujieleza. Muulize na wewe: anatumia njia gani, mnatarajia vikao vingapi kabla ya kuangalia kama kuna mabadiliko, maandishi yake anayahifadhi wapi na nani anayaona.

Dakika ya kwanza ya kikao pangeni la kufanya mkikatika. Msipopanga, mtapigiana kwa wakati mmoja na kila mtu atakuta namba ya mwenzake inatumika. Mpango wa kawaida ni mteja kujaribu kuingia tena kwa kiungo kilekile, na zikipita dakika 5 mshauri ndiye anayepiga simu. Pangeni na la ukimya. Ofisini ukimya ni sehemu ya kazi. Mtandaoni kila mmoja hufikiri mtandao umekufa, anauvunja, na lile lililokuwa linakuja linarudi ndani. Ishara ndogo ya mkono inatosha kumwambia mwenzako kwamba upo, unafikiri tu. Sauti huchelewa kidogo njiani, kwa hiyo mtaingiliana; subiri kitambo baada ya mwenzako kumaliza. Akionekana anatazama chini au pembeni, huenda anaandika au anatazama uso wako ulio chini ya kamera. Sogeza dirisha la picha yake karibu na kamera yako, na mwombe naye afanye hivyo.

Baada ya kikao hakuna safari ya kurudi nyumbani, na hilo ni pengo kubwa kuliko linavyoonekana. Anayetoka ofisini kwa mshauri ana njia ya kutembea na muda wa kufuta uso. Wewe ukifungua mlango uko jikoni, na mtu anakuuliza chumvi iko wapi. Jitengee dakika 15 hadi 30 zisizo na kazi, mkutano wala simu. Hakikisha pia kikao kimefungwa kweli: bonyeza kitufe cha kuondoka, usiifiche tu programu, na kwenye kompyuta tazama taa ya kamera imezimika. Tena usizitoe hedifoni wakati mshauri bado anakuaga. Waya ukichomoka, sauti hurukia spika ya simu, na maneno yake ya mwisho, ambayo mara nyingi ni muhtasari wa yote mliyozungumza, yanasikika hadi koridoni. Ondoka kwanza kwenye kikao, ndipo uchomoe waya.

Ni sisi,
Washauri nasaha tunaohudumia wateja kwa njia ya mtandao